Sifa za Lumbesa

Malori ya Kiteto yakichelewa
soko la Kibaigwa hupima makocha.
Mahindi hayapo, na mizani haipendi kukaa bure.
Leo tena: nani aliiweza zaidi timu ya makuli?

Mhembano, juu ya gunia tupu,
anasema Chilongani, na hataki kusikia jina la pili.
"Nani alileta kombe la wilaya?
Nani alituamsha saa kumi usiku
tukakimbia njia ya Mbande, mbwa wa watu nyuma yetu?"
Kombe lenyewe lilikuwa la bati.
Yeye kila mwaka analiongezea kilo.
Hiyo ni lumbesa, ndugu yangu:
gunia limeshafika shingoni
na bado unalishonea kilemba.

Madinda, sindano ya magunia mdomoni,
ni wa Ngwilizi hadi kaburini,
yule wa Korogwe aliyekuja na cheti ndani ya mfuko wa nailoni,
akapanga punje kumi na moja kwenye sahani ya mizani,
nyekundu ndiyo namba sita,
akasema mpira ni hesabu.
Mechi kumi na moja hawakufungwa.
Ya kumi na mbili hakuonekana,
na pesa za kiingilio hazikuonekana.
"Hilo halihusiani," Madinda anatema uzi,
"hapa tunahukumu mpira."

Mimi nimeinamia beseni la vikombe.
Hakuna anayeniuliza.
Miaka kumi na tisa nilizifua nguo zile,
na nguo haina ushabiki.
Bukta za Chilongani zilirudi na damu ya magoti.
Jezi za Ngwilizi, jasho la kwapa tu,
suuza mara moja, anika.
Za Ndahani

(msicheke, nawajua mtacheka)

za Ndahani zilikuwa na mchanga mgongoni,
zote, hata ya golikipa wa akiba.
Ulikuwa mwaka wa ukame, soko limefumba mdomo,
Mpwapwa walitupiga saba, Gairo wakatupiga tisa,
na mpira tuliochezea ulikuwa wa kuazima.
Vijana walianguka wenyewe, bila kuguswa,
kama mabua.
Naye msukuma mkokoteni, hana cheti, hana filimbi,
anapiga mluzi kwa vidole viwili,
akaanza kuja uwanjani na sufuria la uji wa uwele.
Kabla ya mechi, si baada.
"Baada," alisema, "tutakuwa na kingine cha kulilia."
Mwaka ule hakuna hata mmoja aliyeiacha timu.
Mhembano huyuhuyu alikuwa winga wa kushoto.
Alikunywa vikombe vitatu.
Nilihesabu. Vikombe vilikuwa vyangu.

Nataka kulisema hili. Nimeshafuta mikono kwenye khanga.
Halafu nakumbuka kwamba ule uwele ulikuwa wa mbegu,
debe la mwisho, nimelificha chini ya kitanda,
na Ndahani, mume wangu, alilichukua bila kuuliza,
na siku nne sikumpa hata salamu,
na masika yalipokuja nilipanda karanga za kukopa.
Sasa sijui
kama namsifu kocha
au bado nadai debe langu.
Mtu mwenye deni moyoni asishike mizani.

Honi.
Lori la kwanza linakata kona, vumbi limetangulia.
Wanainuka, wanajifunga vitambaa vichwani,
Chilongani na Ngwilizi wanaachwa pale chini
na maganda ya karanga.
Mhembano ananirudishia kikombe, sukari imeganda kitakoni.
"Na wewe, mama Sechelela? Hujasema wa kwako."

Nasema, "Nakudai vikombe vitatu."

Anatazama meza, anatazama vidole vyake.
Leo amekunywa viwili.